Pagale la Mlandizi, kiwanja cha Mkuranga au nyumba ya Kerege? Jibu kwa mama wa watoto watatu wa Tabata

Swali: Tunaishi Tabata Segerea, vyumba viwili na sebule, kodi 300,000 kwa mwezi. Watoto ni watatu: wa kwanza yuko darasa la tatu, wa pili chekechea, wa mwisho bado ananyonya. Mume wangu ana duka la vipuri Gerezani, mimi ni muuguzi wa zamu Ilala. Tumekusanya milioni 28 na tunaweza kuongeza laki tano kila mwezi. Madalali wametuonesha vitu vitatu: pagale la vyumba vitatu Mlandizi, halijaezekwa, kwa milioni 22, kiwanja cha 20 kwa 20 Mkuranga kwa milioni 4, na nyumba iliyokwisha Kerege kwa milioni 55, nusu sasa na nusu ndani ya mwaka. Tuchukue kipi?

Jibu: Dada, cha Kerege kiacheni leo hii, na sababu ni hesabu tu. Nusu ya milioni 55 ni milioni 27 na nusu. Mkiitoa mnabaki na laki tano mfukoni. Kwa kuweka laki tano kila mwezi, baada ya mwaka mtakuwa na milioni 6 na nusu, na deni ni milioni 27 na nusu. Mikataba ya namna hii mara nyingi huwa na kifungu kwamba mnunuzi akishindwa kumalizia, sehemu ya alichotoa inapotea, au anarudishiwa pesa zake pale tu nyumba itakapopata mteja mwingine, na huyo mteja anaweza asipatikane kwa miaka. Msitegemee benki iwavushe: mkopo wa nyumba unahitaji hati miliki ya kuweka rehani, na nyumba nyingi za bei hiyo ukanda ule zina karatasi za mauziano tu.

Hivyo viwili vilivyobaki ni vya kuchunguza, na hakuna kati yavyo ambacho ningekubali kwa bei au kwa maelezo mliyopewa.

Kila kinachouzwa rahisi nje ya Dar kimepungukiwa na kitu. Kazi yenu ni kujua kimepungukiwa na nini. Kukosa paa, plasta, umeme au bomba la maji ni upungufu unaotibika kwa pesa na subira. Kuwa bondeni, ndani ya hifadhi ya barabara, kwenye mgogoro wa mirathi, au mbali na kazi kiasi cha kukuchosha kabla hujafika, huo hautibiki. Dalali mzoefu atakusikitikia sana kuhusu plasta ili usifike kwenye habari ya mirathi.

Barabara kwanza

Watu wengi huchagua nyumba kisha ndipo wanaulizia usafiri. Geuzeni. Miji midogo inayolisha Dar imejipanga kwenye barabara nne. Barabara ya Morogoro inakupeleka Kiluvya, Kibaha na Mlandizi, kisha Chalinze ambako kwa mtu anayefanya kazi mjini kila siku ni mbali mno. Barabara ya Bagamoyo ina Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo hadi Bagamoyo yenyewe. Barabara ya Kilwa inapita Mbagala Rangi Tatu, Kongowe, Mwandege, Vikindu, Kisemvule hadi Mkuranga. Ya nne ni ya Pugu, inayokwenda Kisarawe.

Kazi zenu zote mbili ziko upande wa Gerezani na Ilala, na Barabara ya Kilwa inaingia mjini karibu kabisa na mlango wa duka la mumeo. Mlandizi iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya jiji, na lazima mpite Kibaha, Mbezi, Kimara na Ubungo kila asubuhi pamoja na watu wengine wote wa barabara ile. Kwa familia yenye mtu Ubungo au Mbezi, ningesema Mlandizi bila kusita. Kwenu nyinyi naiweka ya pili.

Sasa hesabu ya nauli, na hii ifanyeni kwa nauli halisi mtakazolipa wenyewe. Tuseme kutoka mlangoni hadi kazini kila mmoja anatumia 3,000: bodaboda hadi lami, daladala ya kwanza, daladala ya pili au mwendokasi. Kwenda na kurudi ni 6,000, wawili ni 12,000, kwa siku 24 za kazi ni 288,000. Hiyo ni kodi yenu ya Tabata karibu yote, mmeihamishia kwa kondakta. Anayekwambia utaokoa kodi huwa hajaigusa namba hii. Nyumba ya nje ya mji inalipa pale ambapo mnapata mali inayobaki kuwa yenu, watoto wanapata nafasi, na nauli haizidi nusu ya kodi mliyoacha. Kipande kinachoua hesabu mara nyingi ni cha bodaboda, si daladala, kwa hiyo kiwanja cha kutembea dakika kumi hadi kituoni kina thamani kuliko cha bei nusu kilicho ndani kilomita nne.

Mtaambiwa pia habari za treni. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na ina vituo Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Tangu hapo kila shamba la Kibaha limekuwa "karibu na SGR". Nauli iliyotangazwa mwaka ule ilikuwa 4,000 hadi Soga na 5,000 hadi Ruvu. Watu wawili, kwenda na kurudi Soga, ni 16,000 kwa siku, sawa na 384,000 kwa siku 24, kabla ya kufika kituoni na kabla ya kutoka kituoni. Ni treni nzuri sana ya kwenda Morogoro.

Zamu zako ndizo zitakazoamua. Ukitoka kazini saa mbili usiku, utafika Rangi Tatu saa ngapi, na gari la mwisho la kwenda mbele huondoka saa ngapi? Usimuulize dalali. Nenda mwenyewe siku ya kazi kwa daladala, utoke kule saa kumi na moja alfajiri, urudi usiku kwa saa zako za zamu. Jumapili mchana kwenye gari la dalali kila mji uko "dakika arobaini".

Karatasi

Hapa ndipo penye pesa zenu zote, basi nitakaa kidogo.

Ulizeni kwanza kipande hicho kiko kwenye ngazi gani. Juu kabisa ni hati miliki iliyosajiliwa, ya miaka 33, 66 au 99. Chini yake ni barua ya toleo, ambayo ni ahadi ya serikali kukumilikisha baada ya kulipa ada. Inayofuata ni kiwanja kilichopimwa lakini hakijamilikishwa. Mwisho ni shamba lenye karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa mtaa au kijiji. Bei hushuka kwa kila ngazi, na ni haki ishuke. Kosa ni kulipa bei ya ngazi ya pili kwa kitu cha ngazi ya nne.

Neno "kimepimwa" linatumika ovyo. Kuna mchoro wa mipangomiji, ambao ni mpango tu wa wapi viwanja na barabara vitakaa. Kuna upimaji wenyewe, ambapo mpima huweka bikoni (alama za mpaka) ardhini na ramani yake inaidhinishwa na kusajiliwa kwa namba. Wauzaji wengi wa viwanja vya mafungu wana mchoro, hawana ramani iliyosajiliwa. Ombeni namba ya ramani ya upimaji, namba ya kiwanja na kitalu, kisha mzipeleke ofisi ya ardhi ya halmashauri husika au ofisi ya ardhi ya mkoa, ambayo kwa Pwani iko Kibaha. Kama kiwanja kina hati, fanyeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utawaambia mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki na kama kuna zuio. Upekuzi unafanywa kabla ya kutoa hata senti ya "kushikilia".

Kwa Mkuranga, ulizeni kama eneo ni la mji au bado ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mauziano ya ardhi ya kijiji yanahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na mhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini hiyo. Ombeni nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha, wenye majina na saini za waliohudhuria. Kama muhtasari haupo, hata kama mwenyekiti ni mtu mwema anayewapigia simu kila siku, hamjanunua kitu ambacho mtaweza kukitetea kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Halafu muuzaji mwenyewe. Jina kwenye hati, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki mtakayolipia viwe vya mtu mmoja. Kama ana ndoa, mwenza wake atie saini ya ridhaa mbele ya wakili, kwa sababu kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama mali ni ya marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua ya usimamizi (kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Namba 4). Muhtasari wa kikao cha ukoo unamteua mtu kwenda mahakamani kuomba, haumpi mamlaka ya kuuza. Mapagale mengi yanayouzwa ni ya watu waliofariki kabla ya kumaliza, kwa hiyo la Mlandizi liulizeni swali hili mapema.

Bado mipaka ya serikali. Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa. Barabara ya Morogoro ina historia ngumu zaidi: mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kati ya Kimara na Kiluvya kwa kipimo cha mita 121.5 kila upande. Alama ya X nyekundu ya kubomolewa inaweza kupakwa rangi ikafichika, basi waulizeni majirani na ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara. Upande wa Mkuranga kuna mkuza (ukanda uliotengwa) wa bomba la gesi linalotoka Mtwara. Mkivutiwa na Kisarawe, jihadharini na mipaka ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambako watu wamewahi kuondolewa. Kwa Barabara ya Bagamoyo, eneo la Zinga na Mlingotini lina mpango wa ukanda maalumu wa uchumi, kwa hiyo msinunue bila barua ya halmashauri. Na popote pale, mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari ni eneo linalolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004.

Hayo yote wakili mmoja anaweza kuwafanyia kwa siku chache. Awe wakili wenu, si yule ambaye dalali anamfahamu.

Pagale la Mlandizi

Pagale lina utamu wake: unaona vyumba, unapima jua linaingia wapi, na umeokoa mwaka mmoja au miwili ya kufukuzana na mafundi. Swali ni kwamba limejengwaje, na milioni 22 zimetoka wapi.

Tuanze na bei. Nyumba ya vyumba vitatu ya mita 10 kwa 11 hula tofali 2,500 hivi za inchi 6, msingi ukiwemo. Kwa bei ya 1,500 kwa tofali ni milioni 3 na laki saba na nusu. Ukizidisha bei ya tofali kwa tatu unakaribia gharama ya boma zima: msingi, saruji ya kujengea, mchanga, kokoto, nondo za linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na ufundi. Inakuja milioni 11 na ushee. Ongezeni bei ya kiwanja kama hicho mtaa uleule. Kikiwa milioni 4 au 5, pagale lisiloezekwa linasimama kwenye milioni 15 au 16, kisha mtoe kidogo kwa miaka liliyonyeshewa. Wekeni bei za tofali na viwanja mtakazozikuta Mlandizi wiki hiyo, lakini njia ni hiyo. Kwa milioni 22 muuzaji anatafuta mtu asiyepiga hesabu. Anzeni na 14.

Kuhusu ujenzi, nendeni na fundi wenu, mfuko wa misumari na futi kamba. Kwaruza tofali kwa msumari wa inchi nne, mahali penye kivuli na mahali panaponyeshewa. Tofali nzuri inaacha mstari mweupe tu, mbovu inamwaga unga na msumari unazama. Sababu ni uwiano. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6 zilizo imara. Wapo wanaotoa 45, hata 50, kwenye mfuko huohuo, na tofali hiyo inasimama vizuri tu hadi siku mtakapotundika mlango mzito wa chuma au upepo utakapovuta paa. Kwa nyumba yenye tofali 2,500, tofauti kati ya 32 na 48 kwa mfuko ni mifuko 26. Hicho ndicho alichookoa mjenzi.

Nyufa zina lugha yake. Ufa mwembamba unaofuata udongo wa kujengea huwa ni wa kukauka tu. Ufa unaopanda mshazari kama ngazi kutoka kona ya dirisha au kona ya nyumba, ukiwa mpana chini au juu, unasema msingi umeshuka upande mmoja. Ukiweza kuingiza sarafu, acha. Maeneo yenye mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika ndiyo yanayofanya hivi sana, na msingi wa kawaida wa futi mbili hauyawezi. Chimbeni kwa jembe pembeni ya msingi, sentimita 60 tu, muone udongo wenyewe. Chumvi nyeupe inayotoka ukutani inaashiria unyevu unaopanda kutoka chini, au mchanga wa baharini, na itasukuma plasta na rangi yenu kila mwaka.

Nondo zilizochomoza juu ya nguzo au linta mziguse. Kutu ya juu juu si tatizo, lakini ikibanduka vipande na nondo imekonda, sehemu hiyo inakatwa na kuungwa upya. Tazameni linta kama imezunguka nyumba nzima au imewekwa juu ya milango na madirisha tu. Tazameni pia kama jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, limemwagwa. Mapagale mengi yana kifusi tu, na mchwa huwa wameshapita kwenye kifusi hicho, kwa hiyo dawa ya mchwa iwekwe kabla ya zege.

Nendeni masika, Machi hadi Mei, au vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mlandizi iko jirani na Mto Ruvu, na maeneo ya chini hujaa. Kama msimu umepita, tafuteni mstari wa matope kwenye kuta za nyumba za jirani, nyasi zilizolala upande mmoja, au mitaro ambayo wenyeji wamejichimbia wenyewe. Mtu hachimbi mtaro wa mita thelathini kwa mkono bila sababu.

Likipita yote hayo na bei ikashuka kwenye 15 au 16, mnabaki na kama milioni 12. Msiimalize nyumba, mhamie kwa awamu. Paa kwanza: nyumba ya ukubwa huo inahitaji bati za mita 3 kati ya 75 na 80, na mbao, misumari na ufundi wa kenchi (fremu ya mbao ya paa) mara nyingi hukaribia au kuzidi bei ya bati zenyewe. Chukueni bati za geji 28, ambazo ni nene zaidi, maana geji 30 inaokoa pesa leo na kupiga kelele na kutoboka mapema. Kisha shimo la choo na chemba, milango miwili ya nje, grili na vioo vya vyumba viwili na sebule, zege la sakafu, plasta ya ndani ya sehemu hiyo, na umeme. Siling'i, malumalu na vyumba vilivyobaki vitasubiri laki tano za kila mwezi. Umaliziaji hula karibu nusu ya gharama ya nyumba yote, ndiyo maana watu huishiwa pale wanapodhani wamefika.

Kiwanja cha Mkuranga

Milioni 4 kwa 20 kwa 20 ni bei ya kuvutia, hadi muulize ishirini ya nini. Mashambani hupimwa kwa hatua. Hatua ya mtu mzima akitembea kawaida ni kama mita 0.8. Hatua 20 ni mita 16, na 16 kwa 16 ni mita za mraba 256, si 400. Mmepoteza zaidi ya theluthi moja kwa neno ambalo halikuandikwa. Mkataba uandike mita, na mpime kwa futi kamba kutoka bikoni hadi bikoni mkiwa na majirani wa pande zote, nao waweke saini kwenye mchoro.

Nje ya ukubwa, swali langu ni Mkuranga sehemu gani. Mji wenyewe uko karibu kilomita 50 kutoka katikati ya Dar, na "Mkuranga" ya dalali inaweza kuwa ndani kabisa kilomita kumi kutoka lami. Ningependa mtafute upande wa Mwandege, Vikindu na Kisemvule, barabara hiyohiyo lakini karibu na Rangi Tatu. Kiwanja kitakuwa ghali zaidi, pengine mara mbili, na kidogo zaidi. Tofauti hiyo mtaipata kwenye nauli. Msijenge jirani ya viwanda bila kukaa pale usiku mmoja mkasikia malori na kunusa hewa.

Maji yaulizeni kwa jirani mwenye bomba: yanatoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi? DAWASA inahudumia pia Kibaha, Bagamoyo, Kisarawe na Mkuranga, ila kuwa ndani ya eneo la huduma na kuwa na maji bombani ni mambo mawili. Hapa Mlandizi inaishinda Mkuranga, kwa kuwa mtambo wa Ruvu Juu uko hapohapo na bomba kuu linafuata Barabara ya Morogoro. Kama mtategemea boza (gari la maji), pigeni hesabu: familia ya watu watano ikitumia ndoo 15 za lita 20 ni lita 300 kwa siku, kwa hiyo boza la lita 10,000 linawamaliza ndani ya mwezi mmoja na siku chache. Kisima kichimbwe mita 30 au zaidi kutoka shimo la choo, lenu na la jirani, na maji yapimwe chumvi kabla ya kulipa fundi wa pampu. Umeme si tatizo kubwa kama nguzo iko karibu: ada iliyorudishwa Januari 2022 ni 320,960 kwa mjini ndani ya mita 30 bila nguzo, na 27,000 kwa vijijini. Kila nguzo inayohitajika inaongeza, basi hesabuni nguzo kutoka nyumba ya mwisho yenye taa hadi kwenu.

Ningefanya nini na milioni 28

Pangeni kwanza. Chukueni nyumba ya kupanga Vikindu au Kongowe kwa miezi sita, ambako vyumba viwili na sebule hupatikana chini ya kodi ya Segerea, na mwende kazini kutokea huko. Katika miezi hiyo sita mtakuwa mmejua gari la mwisho, maji, zahanati inayofunguliwa usiku na nani anauza kwa sababu za kweli. Mwenyeji hupata kiwanja kwa bei ambayo mgeni hatajiwi. Mkiona barabara hiyo imewashinda, mmepoteza kodi ya miezi sita, si milioni 20.

Mkifika kwenye kununua, mkataba uandikwe na wakili, mlipe kwa benki, na mbakize asilimia kumi hadi uhamisho ukamilike. Kwa kiwanja chenye hati kuna Fomu Namba 29, 30 na 35 za kujazwa na kupelekwa ofisi ya ardhi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida yake, au asilimia 3 ya bei kama hana kumbukumbu za gharama. Wauzaji wengi husubiri siku ya mwisho kuwatupia wanunuzi kodi hii, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani anailipa. Udalali nao mjadili kabla ya kuoneshwa chochote, na asilimia atakayoomba mtu wa serikali ya mtaa mtoe mkipewa risiti tu.

Baada ya kulipa, wiki hiyohiyo pandeni miti au seng'enge mipakani na muanze kuomba kibali cha ujenzi halmashauri. Kiwanja kitupu kisicho na alama huuzwa mara ya pili.

Mtoto wa kwanza yuko darasa la tatu, na darasa la nne lina upimaji wa kitaifa. Mhamisheni shule ikifunga Desemba ili aanze Januari kwenye shule mpya, na mwalimu mkuu wa Tabata afanye uhamisho kwa namba ya mtoto ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, kabla usajili wa upimaji haujafanyika. Kabla ya hapo, nendeni kwenye shule hiyo mpya siku ya kazi mkahesabu watoto kwenye darasa moja, na mtembee kutoka nyumbani hadi getini kwa mwendo wa yule wa chekechea.